Nani Amewahi Kula Kwako?

Mwanangu Avani,

Umetoka kwenda kuaga, na ninavyowajua watu wa Basotu hutarudi mapema, kwa sababu kila nyumba utakayoingia watakukalisha. Baba yako yuko dukani. Begi lako liko hapa miguuni pangu, limefungwa kamba kwa sababu zipu imekataa. Nimeona nikae nikuandikie sasa hivi mchana, maana kesho kwenye stendi ya Katesh sitaweza kusema kitu cha maana. Nitakuwa nakuuliza kama umebeba maji.

Habari za neti, na dawa, na kutopokea chakula cha mtu kwenye basi, nimeshakuambia, baba yako amekuambia, na Mama Tluway amekuambia kwa Kiiraqw. Sizirudii. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati unakisema vizuri lakini kukisoma sikukufundisha. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Ukapita huo na mwingine, mpaka umemaliza chuo.

Juzi baba yako mkubwa alipopiga simu kutoka Leicester, nilijua ulikuwa jikoni unasikiliza. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisema, "Mtoto amesoma hisabati mpaka digrii, halafu mnampeleka Katavi? Huko ana nani? Mleteni huku, tutamtafutia chuo." Baba yako akajibu taratibu, "Hatumpeleki sisi, kaka. Aliomba ajira ya ualimu mwenyewe, serikali imempangia." Nilidhani ukitoka jikoni utaniuliza habari za Leicester. Hukuuliza. Ulifuta mikono, ukasema, "Mama, siku ile ya mkutano shuleni, ulijisikiaje?"

Nikajifanya sijui, nikauliza siku gani. Nilijua ni siku gani. Ulikuwa darasa la nne, umening'inia dirishani na wenzako, na nilikuona. Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kukueleza. Nakueleza leo, kwa sababu kuanzia wiki ijayo wewe ndiye utakayekuwa mgeni mahali pa watu.

Nilikuja hapa nikiwa bibi harusi kutoka Moshi. Moshi tulikuwa na jamaa wengi, hekalu, shule, shangazi kila mtaa. Hapa nilikuta duka, mashine ya kusaga, ziwa, na bibi yako, Ba. Wakati huo babu yako alikuwa bado hai lakini hakuwa na maneno mengi. Nyumba ilikuwa ya Ba, na ndani ya nyumba jiko lilikuwa la Ba zaidi. Miungu yake ilikaa kwenye rafu juu ya pipa la unga. Hakuna nyama, hakuna yai, hakuna viatu, na hakuna mtu wa nje anayevuka kizingiti. Majirani wakikaanga samaki, Ba alikuwa anafunga dirisha la upande wa ziwa, hata kama ndani tunakufa kwa joto. Nilikuwa nakanda unga wa chapati huku jasho linanidondoka, na harufu ya perege inapita chini ya mlango kana kwamba hajafunga kitu.

Sitaki umfikirie Ba vibaya. Aliletwa hapa kutoka kijiji cha karibu na Jamnagar, kule India, akiwa msichana mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Zaidi ya mume wake, hakukuwa na mtu wa kusema naye lugha yake. Aliniambia mwenyewe kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anaongea na sufuria. Kwake jiko lilikuwa sehemu pekee iliyofanana na kwao, na aliogopa akiifungua itabadilika kama vingine vyote vilivyobadilika.

Mtu wa kwanza kunizoea mimi alikuwa Mama Tluway. Unamjua ukiwa umemkuta mtu mzima. Wakati ule alikuwa mama kijana, mrefu, anacheka kwa kelele. Kila asubuhi alileta maziwa mlango wa nyuma. Alisimama nje ya kizingiti, mimi nikasimama ndani, tukapitisha kibuyu katikati, kisha tukaongea. Kiiraqw changu chote nimekipata kwenye kile kizingiti. Alikuwa ananifundisha neno leo, kesho ananiuliza, nikikosea anamwita na mpita njia aje asikie.

Kwake nilikuwa naenda. Nilikula makande yake, nilikunywa maziwa yake ya mgando, nilikaa kwenye kigoda chake nikamenya maharage. Nilipokuzaa wewe na homa ikanishika, yeye ndiye aliyekuja na uji wa ulezi, akasimama nao mlangoni mpaka Ba akaupokea. Mimi niliona tuna urafiki, na kweli tulikuwa nao. Kilichokuwa hakipo sikukiona, kwa sababu nilikuwa upande wa ndani wa mlango.

Sasa mambo ya siasa yalivyoanza. Hayakuanza na siasa. Yalianza na choo cha shule yenu. Wazazi walinichagua kwenye kamati ya shule kwa sababu nilijua kupigia simu watu wa saruji, na nilikuwa sioni aibu kumfuata mtu mpaka ofisini kwake. Baada ya choo ikaja zahanati, chumba cha wazazi hakikuwa na mlango. Baada ya mlango ikaja pampu ya maji. Wanawake wakaanza kuniambia, "Mama Avani, chukua fomu." Walikuwa wanamaanisha fomu ya udiwani. Nilicheka. Wakaendelea kusema. Nikaacha kucheka.

Baba yako aliogopa. Alikaa kwenye gunia la sukari stoo akaniambia, "Sisi ni watu wa duka. Wateja wetu wako kila chama. Ukishinda, nusu watakasirika. Ukishindwa, watatucheka wote." Ndivyo alivyolelewa. Babu yako alichangia kila kitu: mbio za Mwenge, ujenzi wa kanisa, ukarabati wa msikiti, mpira wa vijana. Lakini angalia zile picha za sherehe za kata ukutani. Kila picha yupo, na kila picha yuko pembeni kabisa, bega limekatwa. Alikuwa anasogea mwenyewe. Alifikiri ukichangia na ukakaa pembeni, utaachwa uishi. Na kweli aliachwa akaishi, siwezi kumlaumu. Ila mimi nilitaka pampu.

Nikachukua fomu. Siku ya kura za maoni wanachama walijaa darasani mpaka nje. Wagombea tulikuwa watatu, wote wawili wengine wanaume. Nilivaa kitenge badala ya sari, kisha nikaona kama najificha, nikatupia mtandio wa sari juu ya kitenge. Nilizungumza Kiswahili, nikamalizia kwa Kiiraqw, na wazee wakapiga makofi kwa mshangao. Halafu yakaja maswali.

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Mama, ukishindwa utarudi Bombay?"

Watu wakacheka. Swali hilo nilikuwa nimelitegemea. Nikasema, "Bombay sijawahi kufika. Nikishindwa nitarudi dukani. Na wewe njoo, kuna kiberiti chako ulikisahau juzi." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Nikaona nimeshinda.

Ndipo akasimama Bibi Gisela. Nilikuwa simfahamu sana wakati huo, nilimjua kwa sura, mama mzima wa upande wa kwenda Balangdalalu. Alisimama polepole akajiegemeza kwenye dawati. Hakuwa na hasira. Alisema, "Shida zetu umezishughulikia, mimi sina neno baya. Nauliza kitu kidogo tu. Umezaa hapa. Unaongea lugha yetu. Kwenye misiba yetu unakuja, kwenye harusi zetu unakula. Sasa kati yetu sisi tuliokaa humu ndani, nani amewahi kula kwako?"

Avani, mimi nilimtafuta Mama Tluway kwa macho. Alikuwa benchi la tatu. Nilimngoja anyanyuke aseme, "Mimi." Aliangalia mikono yake.

Nikaanza kueleza. Nilisema kwetu kuna mila, hatuli nyama, hatuli samaki, jiko letu lina utaratibu wake. Bibi Gisela akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, sijauliza nyama. Nimeuliza chakula." Akakaa.

Nilikuwa wa tatu kati ya watatu. Hicho ndicho ulichokiona dirishani. Umeniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu, halafu anayemvua ni mtu mstaarabu na ana haki. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Kutukanwa tumezoea. Lakini hili halikuwa tusi.

Ba alisema, "Nilijua." Baba yako alilala usingizi mzuri. Mimi nilikasirika, na nikakosea mtu wa kumkasirikia. Nilimkasirikia Mama Tluway. Aliendelea kuleta maziwa, nikaendelea kupokea, lakini neno la Kiiraqw halikutoka mdomoni mwangu. "Asante." "Asante." Ikawa hivyo wiki nyingi. Asubuhi moja akaweka kibuyu chini, hakunipa.

"Ulitaka niseme uongo?" akaniuliza.

"Ulikuwa unaweza kusema umekunywa chai kwangu. Si umekunywa?"

"Nimekunywa. Hapa nje, nimesimama. Kwenye kikombe kile." Akanyoosha kidole. Kilikuwa kikombe cha bati cha bluu, kinaning'inia kwenye msumari nje ya mlango. Ba alikiweka kwa ajili ya watu wa nje, kisichanganyike na vya ndani. Nilikuwa nakiona kila siku kama ninavyouona msumari. Nikasema, "Sikujua kama unajua."

"Miaka yote hii?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakiosha."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alichukua kibuyu, akanipa maziwa, akaenda zake. Nilisimama pale mpaka maziwa yakaanza kunilemea mkono. Kama kuna kitu kimoja nimejifunza kwa shida katika maisha yangu, ni kwamba mtu anaweza kukupenda na huku anakumbuka. Usidhani amesahau kwa sababu anacheka na wewe.

Kile kikombe nilikiondoa siku hiyo hiyo. Lakini kuondoa kikombe ni rahisi. Nilikwenda kwa Ba, alikuwa anachambua mchele, nikamwambia, "Ba, nataka kumpikia Mama Tluway."

"Mpikie. Mpelekee kwake."

"Nataka ale hapa. Ndani."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimeshaandaa maneno. Hakupiga kelele. Akasema, "Mimi siwezi kuwepo. Usinilazimishe kuwepo." Kisha akasema, "Nimekaa muda mrefu sijamwona binti yangu wa Arusha." Jumatatu akapanda basi kwenda kwa shangazi yako, na begi lake la nguo, na kopo la pilipili ya kuchachusha. Alikaa huko mpaka wiki ikaisha. Nilimwelewa baadaye tu. Asingeweza kufungua ule mlango kwa mkono wake, kwa hiyo alinipa nafasi niufungue. Kwa mtu wa umri wake ilikuwa kazi kubwa, nami siku ile niliona ni ukaidi.

Mama Tluway alikuja na nguo za kanisani. Nilimwambia aje na Bibi Gisela, na niliogopa kumwomba Bibi Gisela kuliko nilivyoogopa mbele ya wapiga kura. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Tluway akasimama katikati ya jiko, akageuka huku na huku, akaangalia rafu, pipa la unga, sufuria zetu, jiko la mkaa. Akasema, "Kumbe ni dogo hivi?" Bibi Gisela akachungulia nyuma ya pipa kana kwamba kuna chumba kingine. Miaka yote walikuwa wanafikiri huku ndani kuna kitu.

Nilikuwa nimepika mchuzi wa mbaazi, wali, bilinganya, chapati zetu nyembamba, na kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu unaoupenda. Mama Tluway akaonja mbaazi, akanitazama. "Hizi ni zangu?" Msimu ule alikuwa amelima mbaazi akamuuzia baba yako. "Ni zako," nikasema. Kila mwaka analima, anauza, zinapakiwa kwenye malori, na hakuwahi kujua zikitoka hapo zinakuwa nini. Akaonja tena. "Kwa nini umezitia sukari?"

"Sisi Wagujarati ndivyo tunavyopika."

"Mnaumwa?"

Bibi Gisela alicheka mpaka akatafuta khanga ya kufuta macho. Yeye alipenda chapati. Nilimwambia ngano ni ya mashamba yetu haya haya, imesagwa kwenye mashine yetu. Akala bila kuhesabu, akaniambia, "Hizi zingenitosha nikakupa kura," na Mama Tluway akampiga bega. Kadhi hawakuimaliza. Sikuilazimisha.

Ba aliporudi aliosha jiko zima, sakafu, rafu, hata mlango. Nilimsaidia kubeba maji. Siku ya pili, tukiwa tunakunja nguo, akauliza bila kuniangalia, "Alikula nini?" Nikamwambia. "Na kadhi ulitia sukari?" "Nilitia." "Akasemaje?"

"Alisema ni uji ulioharibika."

Ba akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. Akasema, "Mwambie ni maziwa yake yaliyoharibika." Nilipompelekea Mama Tluway hayo maneno, akasimama pale mlangoni akapaza sauti kwa ndani, "Bibi, maziwa yangu hayajawahi kuharibika!" Na Ba akamjibu kwa Kigujarati neno ambalo sitaliandika. Tangu siku hiyo wakawa wanatupiana maneno kila asubuhi, huyu hajui lugha ya yule. Ba hakuwahi kula na wageni meza moja mpaka anakufa. Lakini hakuondoka tena kwenda Arusha. Wakija watu alikaa chumbani, mlango wazi, anasikiliza.

Uchaguzi uliofuata, aliyekuja kuniambia nichukue fomu ni Bibi Gisela. Na hapo kikatokea kichekesho. Watu walikuwa wamezoea kupita kwetu, anayekuja Jumapili anakula, anayeleta mahindi kusaga anapata chapati. Nikapigiwa simu na katibu wa chama: kulisha wanachama wakati huu ni rushwa, funga hilo jiko lako. Ikabidi nifunge kweli. Bibi Gisela alikuja akakuta mlango umeegeshwa. "Umefunga tena?" akaniuliza. "Mpaka kura zipite, Bibi." Akasikitika, akasema siasa ni jambo baya, zikipita atakuja na njaa ya miezi miwili. Akaja kweli.

Nilishinda. Hilo unalikumbuka, ulikuwa sekondari. Lakini hujui kwamba miaka miwili ya mwanzo nilikuwa diwani mbaya. Nilikuwa nasema ndiyo kwa kila mtu. Nilikubali bati za zahanati zipelekwe kijiji hiki, na kijiji cha jirani nao nikawaahidi bati zile zile. Sikuwa mwongo, nilikuwa naogopa. Nilifikiri nikisema hapana mara moja tu, wataona Mhindi anawanyima. Mtu anayetaka kupendwa na kila mtu, mwanangu, hawezi kugawa bati. Vijiji viwili vikanikalia kikao kimoja, nikaomba radhi, nikachagua kimoja mbele yao kwa sababu kilikuwa na wajawazito wengi walio mbali na barabara. Wale wa kijiji kingine walinizomea. "Diwani gani huyu! Hafai! Tutamtoa!" Nikawa natembea kwenda kwenye gari, wananizomea, na ghafla nikatambua kuna neno sijalisikia. Hakuna aliyesema Mhindi. Walinizomea kama diwani. Nilifika nyumbani nikamwambia baba yako, naye akaniuliza kama nina homa, kwa jinsi nilivyokuwa nafurahi.

Ba alifariki nikiwa bado diwani. Ulikuwa bweni, ukafika siku ya pili, kwa hiyo hukuona siku ya kwanza. Kwa desturi yetu nyumba yenye maiti haiwashi moto. Jamaa ndio wanaoleta chakula. Jamaa zetu walikuwa Arusha na Moshi, wako njiani. Nikakaa na Ba, sikukumbuka chakula wala nini. Mchana nikasikia sufuria inawekwa chini uani. Mama Tluway alikuwa amepika makande, mahindi na maharage na chumvi, hakuna mafuta ya nyama, hakuna hata kitunguu, maana alijua Ba siku zake za ibada hakuwa anakula kitunguu. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Alikuwa amechunguza mwenyewe, kwa miaka, akiwa nje ya mlango.

Baba yako alitoka. Baba yako, mtu wa kaunta, ambaye sikuwahi kumwona akila kwenye nyumba ya mtu mwingine zaidi ya soda. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Akawaamkia, "Shikamooni," akakaa katikati yao, wakampa bakuli, akala mpaka mwisho. Mzee mmoja akamwambia, "Pole, kijana wetu." Nilimwona anainama. Alilia hapo, na mkono mmoja umeshika bakuli.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia mashauri, na naona nimekuandikia chakula. Labda ni sawa. Katavi hakuna jamaa. Baba yako mkubwa ana haki kuuliza una nani huko. Watakuangalia. Wanafunzi watakuita majina mpaka watakapokuogopa kwa hisabati. Mwenye nyumba atashangaa unalipa kodi ya chumba kimoja, kwa sababu amezoea kuona sisi tuna maghorofa. Mwalimu mwenzako atakutania akikupima. Sikuambii uwe mwema ili wakupende; nimeshakueleza nilivyoharibu kwa kutaka kupendwa. Wala usijibadilishe. Kama huli nyama, usile, sema hivyo, watu wanaelewa haraka kuliko tunavyowadhania. Ila usingoje mtu asimame mbele ya watu akuulize. Wiki ya kwanza, kabla hujanunua hata pazia, mwite jirani. Ukikosa viti, kaeni chini. Ukiunguza, wacheke.

Na ukikaribishwa, kula. Na ukiumizwa, sema ukiwa bado unaongea na huyo mtu, kama Mama Tluway alivyoweka kibuyu chini. Mimi nisingekuwa na ujasiri huo. Ningeacha tu kuleta maziwa.

Kuna jambo jingine, nikuambie kabla sijabadilisha mawazo. Ulipopangiwa Katavi nilimwomba baba yako atafute mtu wa kuzungumza naye wilayani, au mkoani, wakuhamishie karibu, Nangwa au hata Mbulu. Anawajua watu, ameuza saruji kwa nusu ya mkoa. Nilidhani angekubali, kwa sababu maisha yake yote ameogopa kuliko mimi. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Hapana. Watoto wa wenzetu wanapangiwa wanakwenda. Walimu wake yeye walitoka Kagera na Mtwara wakaja kumfundisha hapa, na mama zao walilia. Na yeye atakwenda kama wao." Kisha akarudi kwenye hesabu zake. Lakini tangu siku hiyo, Avani, kila mteja anayeingia, awe ameulizia au hajaulizia, anaambiwa binti yangu ni mtumishi wa serikali. Jana alimwambia mtu aliyekuja kununua misumari tu. Yule mtu akampa mkono.

Nakusikia. Umefika getini, na hauko peke yako. Nasikia sauti ya Bibi Gisela, na watoto wa Mama Tluway, na wengine siwatambui, na wewe unawaambia waingie, waingie, mama yupo. Hukuniambia kama utarudi na watu. Hukuona haja ya kuniambia.

Naacha hapa. Naenda kuongeza unga.

Mama yako